Kalori za Mpanda Minara

Kazi ya Kipanga ilikuwa kupanda minara ya simu. Jina hilo alipewa na wenzake, na lilimkaa sawasawa, maana kwa miaka kumi na tisa alikuwa akila jasho lake mahali ambapo mimi na wewe tungefumba macho na kumwita mama. Mita arobaini, mita hamsini, amejifunga mkanda, anakaza boliti za antena, na watu huko chini wako kama punje za mchele. Ukimuuliza kuna nini huko juu, atakuambia, "Kuna upepo na kuna kazi. Hakuna wa kukuita-ita."

Balaa lake lilianzia kwenye mizani. Msimamizi wao, mama mmoja wa maneno machache ambaye naye alipanda minara kabla magoti hayajamgomea, aliwapanga mafundi wote mstari mmoja na kuwapima. Ile mikanda mizito ya zamani ilikuwa inaondolewa, inaletwa mipya myepesi, na kila mkanda mpya uliandikwa uzito wake wa mwisho: kilo mia moja na ishirini, mtu pamoja na zana. Zana peke yake ni kilo ishirini. Hesabu iliyobaki hata mtoto wa chekechea anaiweza.

Kipanga alikuwa na kilo mia moja na kumi na mbili.

"Una miezi mitano ya kupanda na mkanda wa zamani," msimamizi alimwambia. "Ukifika mia, unapanda. Usipofika, unakaa stoo unagawa boliti."

"Stoo? Mimi?"

"Mizani haijui wewe nani, kaka."

Mwenzake wa kamba, ambaye kwa wembamba wake walimwita Sindano, alicheka mpaka akajishika kiuno. "Ndugu yangu, siku hizi ukipanda wewe, mnara ndio unaoomba mapumziko."

Kesho yake Kipanga akaenda kliniki. Huko kulikuwa na dada wa lishe, binti mpole mwenye miwani na subira nyingi. Kipanga alifika na namba yake kichwani.

"Niandikie kalori elfu moja kwa siku. Nimeshaamua."

Dada hakubisha. Alimuuliza anakula nini, anapanda mara ngapi, analala saa ngapi, akapiga hesabu zake, kisha akaandika kwenye karatasi: elfu mbili na mia mbili.

"Hii si ndiyo kuninenepesha?"

"Kazi yako inataka chakula, kaka. Kwa namba hii utapungua nusu kilo kwa wiki, pengine na kidogo juu. Kwa elfu moja utakaza meno wiki mbili, ya tatu utakula na mwiko. Chagua namba utakayoweza kuishi nayo hata siku umegombana na bosi."

Maneno hayo yalimwingia. Akaichagua ile ya dada.

Nyumbani, mkewe aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliibandika mlangoni mwa kabati la vyombo, akanunua mizani ndogo ya jikoni. Wakapangana vizuri: alfajiri Kipanga apime mchele mkavu, maharage, nyama, na mafuta kijiko kimoja ndani ya kikombe, kisha yeye mke apike, ampakie cha mchana na kumwekea cha jioni.

"Wewe pima, baba watoto, mimi nipike. Kila mtu na fani yake."

Na chakula kilikuwa kitamu, jamani! Kipanga alijivuna kazini. Wenzake walidhani mtu akihesabu kalori anakula majani kama mbuzi. Yeye anafungua kopo lake, maharage yanang'aa, harufu inatembea mpaka kwa dereva. "Mke wangu huyo," anasema. "Angepika hata kamba hii mngelamba vidole."

Wiki ya tatu mizani ikasema mia moja na kumi na mbili. Ya tano, mia moja na kumi na moja. Ya saba, palepale.

Mkewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anaitazama mizani kama mtu aliyetukanwa. Akakaa kando yake, akamwekea mkono begani. "Mwili una ukaidi wake, baba watoto. Usijitese. Kwani stoo si kazi? Kuna feni, kuna kiti."

Dada wa lishe naye alimuuliza kwa upole, "Labda kuna kinachosahaulika? Mafuta, sukari ya chai, kuonja-onja?"

"Unaniita mwongo?"

"Hapana, kaka. Naitafuta namba ilipopotelea."

Alirudi nyumbani amevimba. Mkewe alipopata habari alivimba kuliko yeye. "Mtoto mdogo vile akuite mwongo! Mtu unapima mpaka chumvi!" Kipanga akafarijika. Alau nyumbani yupo anayemjua.

Basi akaamua kuwa dada kakosea. Akaishusha namba mwenyewe, elfu moja na mia saba. Halafu elfu moja na mia mbili. Kifungua kinywa akakiacha. Kopo la mchana akawa anampa Sindano, yeye anakunywa maji mpaka jioni. Wiki ya kumi alikuwa na mia moja na kumi, na macho yameingia ndani.

Mtu aliyebadilika ni Sindano. "Kaka," alisema siku moja akihangaika na kifungo cha suruali, "hiki chakula chako cha kupungua kina nini? Mimi tangu kuzaliwa sijawahi kuwa na shavu." Kila mtu alicheka. Kipanga naye alicheka. Nani angelitilia maanani?

Jumanne moja, saa nne asubuhi, walikuwa mita thelathini na tano juu. Jua limewaka, Kipanga hajala tangu jana jioni. Alinyoosha mkono kushika boliti, akaona boliti tatu. Akachagua ya katikati, haikuwepo. Mkanda ndio uliomdaka, ule mzito wa zamani. Alining'inia ubavu kama koti kwenye msumari, spana yake ikaanguka chini na kutoboa bati la kibanda cha mlinzi.

"Kipanga! Nitazame! Nitazame mimi, usitazame chini!" Sindano alimfikia, akamwongeza kamba ya pili, wakashuka hatua kwa hatua, muda mrefu. Chini, msimamizi alimpa chai ya sukari nyingi, akamwambia aende nyumbani, asirudi kupanda mpaka wiki iishe.

Hakupiga simu. Hakutaka kumshtua mama watoto. Alipitia mlango wa nyuma polepole, akasimama kwenye kizingiti cha jiko.

Mkewe alikuwa amempa mgongo, anapika maharage ya jioni. Alimimina kile kijiko kimoja cha mafuta kutoka kwenye kikombe. Kisha akainua chupa yenyewe, akamimina tena bila kupima, akihesabu taratibu kwa midomo kama anayenyunyizia ua. Halafu akanyoosha mkono nyuma ya unga, akatoa kopo la karanga za kusaga, akachota vijiko vitatu vilivyojaa, akakoroga mpaka vikapotea.

"Hiyo ya ngapi?" Kipanga aliuliza.

Mwiko ulianguka.

"Mbona umerudi mapema?"

"Nimekuuliza hiyo ya ngapi."

Hakukana. Alizima jiko, akaketi kwenye kigoda. "Tangu wiki ya kwanza," akasema.

Mwaka uliopita fundi mmoja wa kikosi chao alianguka. Mke wa Kipanga alikaa siku kumi na yule mjane. "Alikuwa ananiuliza kiatu cha pili cha mumewe kiko wapi," alisema. "Siku kumi, kiatu. Nikasema wangu, hapana. Msimamizi wako alipotaja stoo, wewe ulinuna. Mimi nilishukuru Mungu."

"Ungeniambia."

"Nimekuambia mara ngapi uache? Ulikuwa unacheka."

Kweli, alikuwa anacheka. Lakini hilo halikumpoza. "Leo nimening'inia kule juu. Nimening'inia kwa njaa, mama watoto. Njaa niliyojitakia kwa sababu nilidhani namba ni ya uongo. Namba ilikuwa sawa. Mimi nilikuwa sawa."

Mkewe alishika uso kwa viganja viwili, akaanza kulia. Kipanga hakumsogelea. Mafuta angeweza kuyasamehe jioni ileile. Kilichomchoma ni ule mkono begani, siku ile ya wiki ya saba. Ulikuwa unamliwaza huku unajua.

Alirudi kwa dada wa lishe, akamweleza kila kitu, akamwomba radhi. Dada alivua miwani, akaifuta. "Basi tunarudi elfu mbili na mia mbili," alisema. "Wala usijaribu kufidia wiki zilizopotea kwa kujinyima."

Kuanzia hapo Kipanga alipika mwenyewe. Alikula asubuhi, alikula mchana, alikula jioni. Sindano alilalamika kwamba maharage yamekuwa kama ya jela. Na kilo zikaanza kushuka, nusu, nusu na robo, kwa mwendo uleule alioambiwa. Kila zilivyoshuka ndivyo alivyozidi kuona jinsi alivyoibiwa wiki zake.

Siku ya mwisho mizani ya kazini ilisoma mia moja na nne.

"Zimebaki nne," msimamizi alisema, akamkabidhi funguo za stoo. "Miezi mitatu, nitakupima tena. Nakuona unakuja."

Nyumbani mkewe alikuwa anamsubiri jikoni, amesimama. "Umepita?"

"Sijapita."

Aligeuka haraka kuelekea dirishani, lakini alichelewa kidogo. Kipanga aliyaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Alivua viatu. Alichukua sinia, akaketi, akaanza kuchambua maharage.

"Leo nikusaidie?" mkewe aliuliza. "Utapika ya wote, au yako peke yako?"

Kipanga alitoa jiwe moja, akaliweka pembeni.

"Yangu," akasema.