Kaunta ya Shangazi Nonie

Fintan Geraghty mwenyewe alikuwa akisema kwamba Mungu alimpa mikono miwili ya kufanya kazi na mdomo mmoja wa kuizuia. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, baba wa watoto watatu, na mmiliki wa jengo ambalo lilikuwa limegoma kuwa nyumba. Alilirithi kwa shangazi yake Nonie, huku kwetu mashambani Leitrim: chini kushoto duka la sukari, misumari na buti za mpira, chini kulia baa, juu vyumba vinne vilivyonuka bia ya miaka sitini. Akaifunga biashara, akapata kibali cha kuligeuza makao ya familia, akamwambia mkewe Bríd, "Miezi sita tu." Sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

Tumpe haki yake, hakukaa bure. Duka lilishakuwa jiko zuri, na vyumba vya juu vilishapigwa plasta na rangi. Ilibaki baa, ambayo ndiyo ingekuwa sebule, na ndani ya baa kaunta ya mbao nzito, futi kumi na nane. Kila alipoinua tindo kuing'oa, mlango ulifunguka. Huku hatubishi hodi. Packie Joe McGoldrick aliingia, akasema, "Mungu aibariki kazi," akaegemeza kiwiko palepale alipokiegemeza tangu ujana wake, na wenzake watatu nyuma yake.

"Chai, Mzee Packie?"

"Hapana, mwanangu, nisikusumbue."

"Kidogo tu."

"Hata tone sitaki."

"Birika limeshachemka."

"Haya, kama limeshachemka."

Birika lilikuwa baridi kama maji ya kisima. Lakini Fintan alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hamwachi mgeni akatae mara moja akaridhika. Akaweka tindo chini, akachemsha. Jioni alijiita mpumbavu kwa jina lake kamili, na kesho yake akachemsha tena.

Bríd, muuguzi, alikuwa akiishi na watoto kwa mama yake. Neno lake lilikuwa moja. "Siku kaunta itakapotoka, ndiyo siku nitakayoingia. Siwezi kushuka ngazi na gauni la kulalia nikamkuta Packie Joe ananiuliza hali ya hewa." Mwezi wa nne akaongeza la pili: amepata nyumba ya kupanga mjini Sligo, karibu na hospitali, na Jumatatu ya pili ya Mei anatia sahihi. Hakusema kama Fintan amehesabiwa kwenye nyumba hiyo, na Fintan aliogopa kuuliza.

Hapo ndipo alipopata akili, au kitu alichodhani ni akili. Kwetu kuna Misa inayozunguka nyumba kwa nyumba, na hakuna anayeziba hata ufa mpaka zamu yake ifike. Ikifika, watu hujenga upya nusu ya nyumba kwa wiki moja kwa kuwaogopa majirani. Fintan akaenda kwa padri akaomba Misa ije kwake, Jumamosi kabla ya Jumatatu ile. Alitaka aibu imsukume. Alichosahau ni kwamba Misa haiji peke yake. Mtu aliyeshindwa kuwatoa wanaume wanne kwenye kaunta yake alikuwa amealika kijiji kizima.

Alhamisi alishika tindo. Packie Joe akatikisa kichwa. "Uing'oe kabla ya Misa? Padri ataweka wapi kalisi yake ya divai?" Fintan, Mungu amsamehe, akaona ni kweli. Kaunta badala ya kung'olewa ikapigwa vanishi.

Misa ilikuwa nzuri mno, hata Bríd aliimba. Kisha kikaja kifungua kinywa: nyama ya nguruwe, mayai, mkate wa magadi, na tone la wiski kwa ajili ya baridi. Kufikia adhuhuri wanaume wamejipanga kwenye kaunta, na Fintan yuko nyuma yake na kitambaa begani, anamimina. Hakujua amefikaje pale. Saa tisa alasiri akamwona Bríd anawavisha watoto makoti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Ngoja kidogo, mke wangu. Wanakaribia kuondoka."

"Fintan, hao wanakaribia kuondoka tangu mwaka juzi." Akatoka.

Fintan akakohoa. "Jamani, kesho nako..."

"Kesho kuna mechi, umesema kweli," Packie Joe akadakia, na mechi ikaanza kuchezwa palepale kwa midomo.

Mlango wa gari ukafungwa nje. Fintan akapiga kaunta kwa kiganja, na kooni mwake ikatoka sauti ya Shangazi Nonie ya saa ya kufunga, ileile, kavu kabisa. "Haya, malizeni glasi zenu. Hivi nyie hamna kwenu?"

Glasi zikainuliwa pamoja, kofia zikavaliwa, wakaanza kutoka kwa foleni. Hakuna aliyenuna. Packie Joe alisimama mlangoni akamshika mkono.

"Asante, mwanangu. Miaka mitatu tunatafuta njia ya kuondoka. Tunapita tu kukujulia hali, wewe unaweka birika. Tungefanyaje? Mimi chai inanipa kiungulia."

Bríd alikuwa amesimama uani, ufunguo wa gari mkononi, amesikia yote. Alicheka hadi akaketi kwenye kizingiti. Fintan alitamani ardhi immeze, lakini alikuwa na furaha kuliko aibu.

"Usiniangalie mimi," Bríd akasema. "Leta msumeno."

Ubao wa kwanza ulitoka jua lingali juu, watoto wakaubeba uani kwa kelele. Bríd alisimama pale ulipokuwa, akavua koti, akatazama ukuta mtupu mzima asione pa kulitundika, akamkabidhi mumewe alishike.