Siku Kogo Alipoukalia Mwiko

Siku ile naikumbuka kwa pua, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa akili. Ilinuka nanasi lililoungua. Hata leo nikipita jikoni kwa mtu na sukari imeshika kidogo chini ya sufuria, moyo unaruka.

Wewe ndiye umenikumbusha. Jumapili ulikuja hapa Merigi na boksi la unga wa keki kutoka supamaketi ya Bomet, ukaegemeza simu kwenye thamosi, ukafuata vile yule dada wa kwenye video anafanya: matunda chini, unga mkavu juu yake, siagi juu ya unga, funika, basi. Vizuri sana. Lakini nilikuona. Uliifunua ile sufuria mara sita. Na kila ukiifunika, unaifungua simu, kuangalia kama mama ya yule mchumba wako wa Sigor amejibu. Ulimwandikia asubuhi. Ukamwandikia tena mkitoka kanisani. Mchana ukamtumia picha ya maua. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni, na mtu haaibishwi mbele ya wageni. Leo hakuna mgeni, kwa hivyo kaa hapo unisikize. Wewe ni mjukuu, najua, lakini mwana wa mwana ni mwana, na maneno haya nilichelewa kumwambia mama yako, akajifunza kwa kuungua mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya wachuma chai huko Kericho. Baba na mama walitoka Maragoli kuja kutafuta kazi, na kwetu chakula ni ugali, na ugali ni mkono. Mama yangu alikuwa akisonga mpaka sufuria inalia. Alikuwa akituambia sisi wasichana kwamba unga usiosongwa ni matusi kwa mgeni. Kwa hivyo nilipoolewa hapa na babu yako Kiplang'at, msichana wa Kimaragoli kwenye boma la Wakipsigis, sikuja na mali nyingi. Nilikuja na mkono wa kusonga, na niliuamini kuliko cheti cha shule.

Babu yako alinipenda, hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa mama yake. Hakuwahi kunitukana, la. Alinisalimia vizuri, akauliza kama ng'ombe wamekunywa maji, akaenda zake. Lakini miezi saba nilikuwa nimeolewa na hajawahi kula kitu cha mkono wangu, hata kikombe cha chai ndani ya nyumba yangu. Nikimkaribisha anasema, "Nimeshiba." Saa moja asubuhi ameshiba! Mwanangu, hilo neno liliniumiza, na sikuona haya kulilia. Niliogopa kwamba siku moja atamwambia mwanawe: huyu hatumwezi, mrudishe kwao.

Sasa mtu akiogopa hivyo hufanya nini? Hukimbia huku na huku. Asubuhi nampelekea chai kwake. Saa nne nampelekea ndizi. Alasiri nikiona amekaa kupepeta maharagwe, naenda kupepeta naye bila kuitwa. Jioni babu yako akiingia tu, hata hajavua gambuti, namuuliza, "Mama amesema nini juu yangu leo?" Maskini, mwishowe akawa anachelewa kurudi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nilikuwa nikijitembeza kama mchuuzi wa masufuria, nagonga kila mlango, na mlango wenyewe ni mmoja.

Halafu Ijumaa moja babu yako akaniambia, "Mama amesema kesho mchana atakuja kula hapa. Na Kogo pia." Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, hilo unalijua, huyu alikuwa nyanya yake Kiplang'at, na nyumba yake ilikuwa hapo nyuma palipo na mparachichi sasa. Niliruka kama mtoto. Mara moja nikajua nitakachopika. Binamu yangu Rasoa, aliyekuwa mpishi kwa watu fulani Nairobi, alikuwa ameniletea Krismasi maboksi mawili ya unga wa keki. Nilikuwa nimeyafunga kwenye leso, nikayaweka sandukuni chini ya nguo za harusi. Kuku nitachinja, nikasema, lakini keki ndiyo itamwambia huyu mama kwamba mwanawe hakuokota mke barabarani.

Rasoa alinielekeza na vidole vyake mwenyewe: kata nanasi, panga chini na ndizi mbivu, mwaga unga wa boksi juu, mkavu hivyo hivyo, tandaza vipande vya siagi, funika. Ukiwa huna jiko la oveni, weka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye mchanga, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Halafu akanishika mkono. "Jerida, usikoroge. Na usifunue." Nikamwambia nimesikia. Kumbe masikio yalisikia, mkono haukusikia.

Nilisema wacha nijaribu boksi la kwanza ile Ijumaa, nisije nikaaibika kesho. Nikapanga mananasi ya Roret, yale matamu ya kukwaruza ulimi. Nikamwaga unga. Nikatandaza siagi. Nikautazama ule unga umelala pale, mkavu, bila maji, bila yai, na hakuna mtu anayeufanyia chochote. Haki mwanangu, nilisikia sauti ya mama yangu kutoka Kericho. Mkono ukaenda wenyewe ukachukua mwiko. Nikakoroga. Nikakoroga vizuri, kama ugali wa watu kumi. Halafu nikafunika, nikahesabu kidogo, nikafunua. Bado. Nikafunika. Nikafunua. Bado. Makaa ya juu yakawa yanadondokea ndani, nayatoa kwa kijiko, nafunika.

Ikaungua chini na juu ikabaki uji.

Kogo alifuata harufu. Alikuja na bakora yake, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, kwa sababu kwa umri wake alikuwa amemaliza kukaribishwa. Akachungulia ndani ya sufuria kwa muda mrefu.

"Jerida, hii ni nini?"

"Ni keki, Kogo."

"Imekufa lini?"

Nilitaka kulia nikacheka, nikataka kucheka nikalia. Nikamweleza yote: boksi, Rasoa, mwiko, mkono. Alisikiliza akitafuna ndizi iliyobaki. Kisha akanionyesha kibuyu changu cha mursik kilichokuwa kimetundikwa ukutani. Babu yako hupenda maziwa ya mursik mpaka leo, na mimi nilikuwa nimejifunza kuyatengeneza: unachemsha maziwa, yanapoa, unayamimina kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, unafunga, unayaacha siku kadhaa yalale. Yangu yalikuwa hayalali. Yalikuwa yananuka.

"Na ile ya wiki jana ilikuwa aje?" Kogo akauliza.

"Iliharibika."

"Ulifungua mara ngapi?"

"Kila asubuhi. Nilikuwa naangalia kama imeshika."

"Unaangalia!" Akapiga bakora chini. "Maziwa inataka giza na kuachwa. Wewe unaipelekea hewa kila asubuhi, halafu unashangaa imeoza. Na yule mama ya bwana yako ni hivyo hivyo. Asubuhi umemfunua na chai. Saa nne umemkoroga na ndizi. Jioni unamtuma Kiplang'at aende aangalie kama ameshika. Sasa huyo mtu ataiva saa ngapi?"

Aibu ilinipanda mpaka kwenye nywele.

"Huyo mama hana ubaya na wewe," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Anataka kukuona. Lakini hujampa nafasi. Kila akiinua macho, uko mbele yake na sahani."

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, na mapasta na manyapara na hata trafiki wa Mulot. Hakuna aliyenikemea kwa ukweli kama yule mzee mwenye meno matatu.

Jumamosi asubuhi nikaanza boksi la pili. Kogo alikuwa amefika kabla jogoo hajachinjwa. Nikapanga nanasi na ndizi. Nikamwaga unga. Nikaweka siagi. Na mkono, mwanangu, ule mkono mkaidi, ukaanza safari yake kwenda kwa mwiko. Kogo akauwahi mwiko. Akauweka kwenye kigoda, akakusanya sketi yake, akaukalia.

"Sasa utaniinua mimi?" akasema. "Funika. Halafu toka hapa, nenda uchume chai. Chai haikosi kazi."

Nikaenda shambani nyuma ya nyumba na kikapu mgongoni. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Vidole vilichuma lakini masikio yalibaki jikoni. Baadaye harufu ikanifikia kwenye mstari wa tatu: siagi, nanasi, sukari inayoanza kuwa nyekundu. Nikaweka kikapu chini, nikapiga hatua tatu tu kuelekea nyumbani.

"Bado!" Kogo akaita kutoka ndani. Na hakuwa hata ameniona!

Wakati wa kusonga ugali ulipofika aliinuka, akanipa mwiko wangu kwa heshima zote. Nikasonga, sufuria ikalia, mama yangu angejivuna. Ugali ulipoiva Kogo akanyoosha mkono akaudai mwiko, akaukalia tena. Alinukia ugali mpaka jioni, lakini keki ilikuwa salama.

Na ilitoka, mwanangu! Juu imekauka rangi ya mkate, pembeni maji ya nanasi yanachemka polepole, chini matunda yamelainika. Hakuna mkono ulioyaunganisha. Yalijiunganisha yenyewe humo gizani.

Mama mkwe alikuja na kitambaa cha kanisa kichwani. Alikula ugali, akala kuku kidogo. Nikampa keki kwenye kisahani. Akala kijiko cha kwanza, akatazama ukuta. Akala cha pili. Ulimi wangu uliwasha, nilitaka sana kumuuliza, "Mama, ni tamu?" Nikafungua mdomo. Kogo akakohoa. Nikaufunga. Mama alimaliza, akafuta mikono, akasema "Kongoi," ambayo ni asante tu, hata mwenye duka huambiwa, akaenda nyumbani.

Siku hiyo babu yako aliingia nami sikumuuliza swali lolote. Alinitazama akaniuliza kama ni malaria. Na Jumapili asubuhi sikupeleka chai. Nilimenya viazi, nikaenda kanisani, nikarudi.

Nikiwa nimeinama jikoni nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa ni yeye, mama mkwe, amesimama anaangalia paa kana kwamba amekuja kukagua mabati.

"Jerida," akasema. Hakuwahi kuniita jina langu. Siku zote nilikuwa bibi ya Kiplang'at. "Leo sikuona chai. Nikasema wacha niifuate." Akaangalia paa tena. "Na ile kitu ya nanasi... imebaki?"

Haikuwa imebaki! Babu yako alikuwa ameimaliza asubuhi, mlafi yule. Kulikuwa na ukoko tu chini ya sufuria, mweusi, umeshika kabisa. Nikamwonyesha kwa aibu. Akakaa kwenye kigoda kile kile, akavuta sufuria katikati ya magoti yake, akanyoosha mkono.

"Lete mwiko," akasema.

Tukaukwangua ule ukoko pamoja, tukipokezana mwiko, tukaula kwa vidole mpaka meno yakawa meusi, na tulipotazamana tulicheka hadi Kogo akagonga ukuta kuuliza nani amekufa. Akanywa vikombe viwili vya chai yangu. Kuanzia siku hiyo hakushiba tena saa moja asubuhi.

Najua utaniambia, "Nyanya, ngoja ngoja huumiza matumbo." Ni kweli, na mimi sikukwambia ukae bure. Ugali usipousonga hutakula. Shamba usipolipalilia hutavuna. Kuna mambo yanataka mkono wako wote. Lakini mapenzi ya watu si ugali, mwanangu. Hayo unayapanga kwa uangalifu, chini utamu wako, juu adabu yako, unaweka na siagi kidogo, usiwe mchoyo. Halafu unafunika na kwenda kuchuma chai. Ukiyakoroga yanakuwa uji, ukiyafunua kila saa yanapoa. Huyo mama wa Sigor umemsalimia, umemheshimu, umemtumia maua. Inatosha. Weka simu kwenye sanduku, na kama mkono wako ni mkaidi kama wangu, niletee hiyo simu niikalie.

Sasa inama nikubariki. Mungu akupe mkono hodari wa kusonga, na akili ya kujua wakati wa kuuweka mwiko chini. Nyumba yako ya Sigor isikose moto, wala kibuyu, wala kicheko. Na siku mama mkwe wako atakapokuja mlangoni mwenyewe, akatazama paa, akauliza kama imebaki, basi iwe imebaki.