Mafuta Hayakuziua Seli Zile, Niliziua Mimi

Habari admin. Ukiiweka hii, jina langu liache kabisa, maana Bujumbura ni ndogo na maabara zake ni chache. Nina miaka arobaini na moja, nina mke na watoto wawili, naishi Ngagara. Ni fundi wa maabara. Mtaani wananiita daktari, nimechoka kuwakatalia.

Kwa miaka tisa nilifanya kazi chini ya profesa mmoja ambaye sote tulimwita Mzee. Alikuwa anachunguza seli, yaani vile vipande vidogo mno vinavyojenga mwili. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, na Mzee aliamini mafuta hayo hayakai bure, yanapeleka habari. Kuna aina moja ambayo kwa imani yake ndiyo inayoiamuru seli iliyoharibika ijiue yenyewe kabla haijaleta saratani. Alilihangaikia jambo hilo mpaka nywele zikamwisha kichwani.

Tulikuwa na makabati mawili ya kutunzia seli katika joto la mwili. Moja lilikuwa na betri, jingine lilitegemea umeme wa mji. Jumamosi moja seli zilizopewa mafuta zilikuwa katika lile lisilo na betri, na zamu ilikuwa yangu. Umeme ukikatika nizihamishe, basi, kazi ndiyo hiyo. Lakini siku hiyo mdogo wangu wa kike alikuwa anaposwa kwetu Bwiza, baba hayupo tena, kaka mkubwa ni mimi. Nikaenda. Saa sita mchana muziki ukazimika. Nikampigia mlinzi wa maabara, akasema hata kule hakuna umeme. Nikajiambia utarudi sasa hivi. Nikaendelea kukaribisha wageni mpaka magharibi.

Jumapili asubuhi umeme ulikuwa umerudi, kabati lina joto lake, na seli karibu zote zimekufa. Zile za kabati la betri, ambazo hazikupewa mafuta, zilikuwa hai. Kabla sijafungua mdomo Mzee akaingia, akainama kwenye hadubini, akakaa pale muda mrefu. Alipoinuka alikuwa analia.

"Mutoto yangu, umeona? Mafuta imesema, na zimesikia!" Kisha akaniuliza habari za umeme, "Courant haikukatika jana?"

"Apana, Muzee."

Nikaandika hivyo kwenye daftari, kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulirudia mara kadhaa, haikutokea tena. Yeye alisema tunakosea vipimo. Mwaka haukuisha, moyo ukamsimama. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake, na watu walinipa pole kama mwanawe.

Sasa kuna mwanafunzi wake, nimwite Odette. Mwaka wa pili huu anarudia jaribio lile ili amalize shahada yake ya udaktari, na seli zake zinakataa kufa. Mjane wa Mzee alimpa koti jeupe la marehemu. Linampwaya mabegani. Asubuhi nikiingia nikamkuta amenipa mgongo, ameinama kwenye hadubini, nakwama mlangoni. Nasubiri ageuke na uso wa Mzee, aniulize tena habari za umeme. Siku nyingine nasimama koridoni mpaka nimsikie akikohoa au akiongea na simu, ndipo naingia. Namwogopa marehemu, ndugu zangu, na marehemu huyo alinipenda.

Nikisema, jina la Mzee litachafuka, mjane wake ataumia, na mimi kazi sina. Nikinyamaza, huyu dada anapotea. Wiki iliyopita alivua lile koti akaketi.

"Kaka, mi nitaacha. Labda mikono yangu ndiyo mubaya. Mama anasema nirudi nyumbani niolewe tu. Lakini we ulikuwako siku ile. Niambie, Muzee alifanya nini mi sifanyi?"

Alikuwa ananitazama machoni. Nafasi niliiona, sikuwa na kisingizio. Nikamjibu, "Rudia tena, dada. Polepole."

Akafuta machozi, akalivaa koti, akarudia. Yuko pale hata sasa ninapoandika, kati yetu ni ukuta mmoja tu. Nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini kabla hajamaliza: nikiufungua huo mlango, neno la kwanza nimwambie nini?