Bahari Sebuleni, Bangwe

Mtu mwenye akili timamu hafugi samaki wa baharini Kigoma. Ziwa liko hatua chache kutoka mlangoni kwangu hapa Bangwe, limejaa samaki wa kila rangi ambao wazungu huvuka dunia kuja kuwaona. Mimi nikaagiza wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wakaja kwa ndege kutoka Dar es Salaam ndani ya mfuko wa plastiki. Ofisini walinicheka wiki nzima. Mmoja aliuliza kama wanakaangwa au wanachemshwa.

Nilimnunulia baba. Mama alipofariki, baba alibaki peke yake Tanga, nami kazi ya serikali imenileta huku mwisho wa reli. Mara ya kwanza nilipomleta alikaa siku chache tu, akaanza kukunja nguo zake kwenye begi. Alisema anakaa bure, mikono inamuwasha. Mimi nikajitafsiria kwamba anaililia bahari. Alipokuja mara ya pili, bahari ilikuwa inamsubiri sebuleni kwenye tangi la kioo. Nilitaka akae, abaki na mimi moja kwa moja, basi. Sikumwambia. Kwetu mzazi humwombi jambo kama hilo uso kwa uso. Unampikia, unamtandikia, halafu unatumaini ameelewa.

Maji ya bahari ya nyumbani hutengenezwa. Unakoroga chumvi maalumu iuzwayo kwenye ndoo ndani ya maji safi mpaka kipimo kisome thelathini na tano, kama baharini kwenyewe. Kipimo changu kilikuwa kihisi, kijiti cha plastiki kinachokaa majini mchana kutwa na kutuma namba kwenye simu. Raha iliyoje! Kikaoni mkuu wa idara anasoma taarifa, mimi nachungulia bahari yangu chini ya meza. Thelathini na tano. Nafurahi, nafunga simu, napiga makofi taarifa inapokwisha.

Halafu namba zikaanza kupanda. Kidogo kidogo, lakini kila siku. Nilijua kwamba maji yanapokauka chumvi haiendi popote, inabaki tangini, kwa hiyo unachoongeza ni maji matupu. Kazi hiyo nilimpa baba: kila asubuhi ajaze mpaka kwenye alama niliyochora kwenye kioo. Naye alikuwa anajaza bila kukosa. Basi mwenye makosa nikamwona ni kihisi. Nilikisugua kwa mswaki na siki. Nikakihamisha mbali na pampu, nikidhani mapovu yanakichanganya. Nikachomoa hata friji, maana nilisikia kwamba umeme hupotosha vipimo, nyama ikaharibika na namba zikaendelea kupanda.

Hapo nikafanya kosa la watu wenye haraka. Kihisi kina kitufe cha kukirekebisha. Unakichovya kwenye maji ya kipimo, ambayo chumvi yake inajulikana, ndipo unabonyeza. Vipakiti vyangu vya maji hayo vilikuwa vimekwisha, na mimi subira sikujaliwa. Nikakibonyeza kikiwa humo humo tangini. Yaani nilikiamuru kwamba maji haya, yawe vyovyote yawavyo, kiyaite thelathini na tano. Kikatii. Namba zikipanda tena, nabonyeza tena. Kwa muda nilikuwa na bahari bora kuliko zote Tanzania, kwenye simu.

Samaki nao hawakuwa na kitufe. Waliacha kula, wakawa wanajibanza nyuma ya jiwe na kuhema haraka haraka. Baba alikaa mbele yao kwenye kigoda, shingo ameinyoosha, na uso wake ukazidi kusinyaa. Jioni moja, tukila ugali na migebuka wa ziwani, akaniuliza treni ya Dar inaondoka siku gani. Nikajibu sijui, na nilikuwa najua.

Vipakiti vipya vilipofika nilikirekebisha kihisi inavyotakiwa, nikakirudisha tangini. Kikasoma arobaini. Nikarudia, arobaini. Kijiti kilikuwa kinasema kweli tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa nakiziba mdomo.

Kesho yake nikapita dukani kuchukua sukari. Mwenye duka, mama mmoja wa Kiha mpenda utani, akanipokea kwa salamu ya kwao na kicheko.

"Mwakeye, dada! Mzee wako kachukua chumvi tena. Yaani nyie huko mnapika nini?"

Chumvi ya Uvinza, ya kupikia, pakiti baada ya pakiti. Baba ana presha; jikoni kwangu chumvi tunaionea aibu. Nilirudi nyumbani mbio na sukari nikaisahau kaunta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile chumvi unaipeleka wapi?"

Akatazama tangi, akanitazama mimi. "Si maji yanapungua? Nikaona na chumvi itakuwa imepungua. Nawarudishia. Walivyoanza kudhoofika nikawazidishia."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize, uone kazi imenishinda?" Alivua kofia, akaishika mapajani kwa mikono miwili. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Safari ile ya kwanza hukuwa na jembe la kunipa, nikaona nakula bure kwa mtoto. Safari hii ukanipa hao samaki. Sasa wakinifia mikononi, nitakaa kwako kwa kazi gani? Ndiyo maana nikauliza treni. Nilitaka niondoke kabla hujaona haya kunirudisha."

Nilicheka, kicheko kikaniharibikia njiani, nikawa nalia nimeegemea kioo na wale samaki wananitolea macho.

"Baba, samaki ni wako. Niliwanunua ili ukae."

"Ili nikae?"

"Ukae hapa. Na mimi."

Akairudisha kofia kichwani. "Mbona hukusema?"

Basi nikasema. Nikapiga magoti kushoto kwake, karibu na kigoda, nikamwambia naomba abaki, awe na kazi, asiwe na kazi, samaki wapone, wasipone. Halafu nikahamia upande wa pili na kumwambia tena kwa sauti kubwa, maana sikio lake la kushoto halisikii.