Kupe Kabla ya Posa

Tangu ukoo wa mzee Twagirayezu ulipotuma mtu kusema wanataka kuja kuposa, Emerance alikuwa na neno moja tu mdomoni: majani. Wageni wa Munezero, binti yake wa pekee, hawangeketi juu ya zulia la plastiki. Wangeketi juu ya ishinge, yale majani laini ambayo mama yake kule Masisi aliyatandika sakafuni kila nyumba ilipopata ugeni wa heshima. Ukivua viatu ukayakanyaga, ulisahau uchovu wa njia.

"Majani, Katoyi hii?" Béata alicheka. Béata alikuwa dada wa marehemu mume wake, na kwa desturi yeye, shangazi, ndiye aliyepaswa kumwandaa bibi arusi. "Huku kwetu ni mawe ya volkano matupu. Hata mbuzi banakula karatasi."

"Basi tutayafuata kule iko, milimani."

Kila asubuhi Emerance aliuza maziwa na mashanza, yale maziwa yaliyoganda, kwenye kona moja ya mtaa wa Mapendo. Maziwa yake yalishuka kutoka milimani kwa pikipiki, na yeye aliyajua malisho yalikotoka kwa kuonja tu. Siku moja alifunga biashara mapema, akamchukua Munezero, wakapanda pikipiki ya yule mleta maziwa hadi kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Sake. Alitaka kukata majani mapema ili yapate muda wa kukauka, maana majani mabichi huoza sakafuni na kunuka.

Mchungaji mmoja, Védaste, aliwaona wakiinama na mundu kwenye bonde lenye majani mazuri kuliko mengine.

"Mama, hapo ng'ombe zangu zililala jana," alipaza sauti. "Kateni kule juu kwenye mawe. Hapo kupe ziko mingi."

Emerance aliangalia juu. Kule majani yalikuwa machache na magumu. Akaangalia chini, yalikuwa laini kama nywele za mtoto. "Asante, papa," alisema, na akaendelea kukata palepale. Walifunga mizigo, wakaibeba kichwani hadi barabarani.

Kwao zamani hakuna mtoto aliyeingia ndani kutoka malishoni kabla mama hajamkagua mlangoni, nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni. Jioni ile Emerance alijikagua mwenyewe, akakuta kupe wawili shingoni, akawatoa. Kisha akamwita Munezero.

"Simama hapa nikuangalie."

"Mama! Utanivua nguo hapa uani kwenye parcelle, jirani bananiangalia? Mi si ng'ombe. Nitajiangalia mwenyewe."

Emerance alitaka kubisha, lakini binti alikuwa mtu mzima, karibu aondoke kwenda kwa watu. Akamwacha.

Majani yalitandazwa juu ya mawe meusi nyuma ya nyumba. Wiki moja ikapita. Béata alikuja kila siku na habari mpya: kreti za fanta zimeagizwa, viti vya kukodi vimepatikana, mashangazi wa upande ule ni watu wa kuangalia kila kitu mpaka kisigino. Jumatano, siku tatu kabla ya posa ya Jumamosi, Munezero alishindwa kuamka. Kichwa kilimgonga, shingo ilikazana, mwili ulikuwa moto.

"Ni malaria," alisema Béata. "Nunua dawa pale farmasi, ameze, samedi atakuwa amesimama."

Walinunua. Munezero alimeza. Alhamisi alikuwa hoi zaidi. Mchana Emerance alimletea uji, akamsaidia kuketi, akaanza kumfunga kitenge upya. Binti alikishika kitenge kwa mikono miwili.

"Acha, mama."

"Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu."

Emerance hakuacha. Juu ya nyonga palikuwa na kidonda kidogo, cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika, na wekundu ukikizunguka. Kando yake ngozi ilikuwa imebabuka.

"Nani alikuunguza?"

Munezero alianza kulia. Ikatoka yote. Asubuhi baada ya kutoka milimani alikuta kupe amejichimbia pale. Aliona haya kumwambia mama aliyekwisha kumuita akaguliwe. Alikwenda kwa shangazi. Béata alimwagia kupe petroli, akaona haachii, akamsogezea kijiti cha kiberiti, kisha akamvuta kwa kucha. Nusu ikakatika.

"Ni vile tunafanyaga sikuzote," alisema Béata aliyekuwa amesimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Na ukiwaza, nani angesema jambo hilo? Binti anaposwa, eti ana kupe! Bale mashangazi batamuita bibi arusi wa zizi mpaka azeeke."

"Bamuite," alisema Emerance. "Lakini aitike akiwa mzima."

Alimvisha Munezero sweta, akamshika kiuno, wakatoka. Njiani jirani mmoja aliuliza kama bibi arusi ameanza kuchoka kabla ya kazi. Emerance alimjibu kwamba kazi ya mwanamke haina mwanzo, na hakusimama. Mawe ya Katoyi hayana huruma kwa mtu anayeyumba. Kila Munezero alipotaka kukaa kando ya njia, mama alimwambia, "Mpaka kwenye ile kioski. Basi. Sasa mpaka kwenye ule mlango wa bleu."

Kwenye kituo cha afya waliulizwa dalili, Munezero akachomwa kidole. Hakuna malaria. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye macho ya upole aitwaye Bénédicte, alimuuliza Munezero kama kuna jambo lingine. Munezero aliangalia sakafu.

"Sema," alisema Emerance.

Binti alikaza kitenge kiunoni.

"Munezero, mutoto wangu. Mimi nilikata majani mahali mchungaji alinikataza, juu ya kupenda ulaini wake. Aibu hii ni yangu, si yako. Sema."

Munezero alikifungua kitenge mwenyewe.

Bénédicte aliinama, akaangalia kidonda, akamgusa tezi zilizovimba kwenye kinena. "Hii sasa inanipa njia," alisema. "Homa hii kupe ndiye aliileta. Iko na dawa yake, si ile ya malaria. Mngenyamaza, tungeendelea kutafuta gizani." Alimsafisha kidonda, akamwonyesha Emerance pensi ndogo, ile wanawake wanayong'olea nyusi. "Siku ingine si petroli, si moto, si mafuta. Unamshika kupe hapa, karibu na ngozi, si tumboni. Unavuta polepole, moja kwa moja, bila kuzungusha. Unanawa na sabuni. Homa ikija, unakuja haraka, na unasema kupe alikuuma."

"Na samedi?" aliuliza Munezero. "Wageni banakuja samedi."

"Dada, samedi utakuwa kitandani."

Jioni Béata alishika kichwa. Kuahirisha posa! Watasema binti ana mimba, watasema ana ugonjwa wa kurithi, watasema tunataka kuongeza ng'ombe wa mahari. Alipendekeza waseme kuna msiba wa mbali.

"Msiba wa nani? Nani nimuue?" alisema Emerance. Akachukua simu, akampigia mzee Twagirayezu mwenyewe.

"Muzee, samahani. Samedi haiwezekani. Tulienda kukata ishinge ya kuwakalisha, kupe akamuuma Munezero. Ana homa. Amepata dawa."

Upande wa pili mzee akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa.

"Kupe! Mama, mimi nilikulia chini ya ng'ombe. Kupe walininyonya kabla ya mama yangu kuninyonyesha. Mutu mwenye hajaumwa na kupe, huyo alikunywa maziwa ya unga. Mutoto apone. Tutakuja samedi ingine. Na hiyo ishinge, nitaikalia?"

"Utaikalia, muzee."

Siku chache baadaye homa ilishuka, na Munezero akaomba ugali kwa sauti ya kugombeza. Emerance aliyachoma yale majani yote, hata lile fungu laini kuliko mengine. Kisha alirudi mlimani, mara hii na suruali ya marehemu mumewe chini ya kitenge, miguu yake imefungwa ndani ya soksi. Hakushuka bondeni. Alipanda hadi kwenye mawe ambako ng'ombe hawapandi, akakata yale majani magumu, machache machache, Védaste akimcheka na kumsaidia kufunga.

Alipofika nyumbani alitua mzigo nje, mbali na mlango. Béata alikuwepo, pensi mkononi, ameinunua mwenyewe sokoni.

"Inua mikono," alisema Béata.

"Jirani banaangalia," alisema Emerance.

"Baangalie!" alijibu Munezero kutoka ndani. Akatoka, akasimama nyuma ya mama yake, akaanza kumkagua nyuma ya masikio.