Chupa Tupu ya Mama

Juzi walituletea mashine ya soda kazini. Mwenzangu alibonyeza kitufe, chupa ikadondoka, naye akaenda zake. Mimi nilibaki pale nikitafuta tundu la kurudishia chupa tupu.

Gisenyi nilikokulia, soda haikutoka dukani mpaka uache chupa tupu. Kwa hiyo siku mama alipolazwa nyumbani na malaria akatamani soda ya machungwa, nilibeba chupa yetu pekee nikashuka hadi duka moja karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpakani. Walikuwa wamepata mashine mpya yenye bomba, inanguruma na kunukia sukari. Niliamini kwamba itaimeza kwanza chupa yangu, ndipo itanitapikia soda.

“Machini hii haiombake chupa,” tantine, yule shangazi mwenye duka, aliniambia. “Kunywa hapa, mu glasi.”

“Si yangu, tantine. Ni ya maman, iko mugonjwa.”

Alininyooshea kidole mlangoni. Sikutoka. Niliikumbatia chupa yangu mbele ya ile mashine, wateja wakinizunguka, mpaka tantine akachoka, akaichukua na kuijaza polepole, povu likimchuruzika mikononi.

Nilipanda mlima nimeuziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba ili gesi isitoroke. Kidole kilikufa ganzi, na bado sikubadilisha mkono.

Leo najua gesi ilikwisha zamani, njiani. Lakini mama aliinywa yote, akakitazama kidole changu, kisha akajikaza pale kitandani, akacheua kwa nguvu.