Gari Nambari Nane la Baba Mkwe

Hakuna aliyewahi kumsikia Fundi Meno akimtukana mwanyumba wake. Walioa dada wawili, yeye mkubwa na mwenzake mdogo, na kila walipokutana alimpa mkono, akamuuliza hali ya nyumbani, akamwachia kiti kizuri. Ila ndani ya roho yake alikuwa anamwonea kijicho hata usingizini.

Jina la Fundi Meno lilitokana na kazi. Alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, amezungukwa na taya za plasta zilizokenua kwenye rafu. Mwanyumba wake aliendesha gari la kusambaza mikate, na watu walimwita Mikate, naye akaitika kwa furaha. Hilo nalo lilimkera Fundi Meno. Mtu mzima anaitwaje Mikate, halafu anacheka?

Kubwa zaidi lilikuwa hili: baba mkwe wao alimpenda Mikate. Mzee alikuwa mkali, mchache wa maneno, lakini Mikate akitokea mlangoni tu, uso unafunguka. Na meno aliyomchekea Mikate yalikuwa kazi ya mikono ya Fundi Meno, juu na chini, yalimchukua wiki tatu. Hebu fikiria, umchongee mtu meno halafu akamchekee mwingine!

Katika ujana wake mzee alikuwa fundi wa gari la mashindano. Lilikuwa gari la kiti kimoja, refu kama jongoo, magurudumu yenye spoku, boneti imefungwa kwa mkanda wa ngozi, na ubavuni namba nane. Liliuzwa kitambo kwa chuma chakavu. Siku wanawe walipomletea kabati la kioo la sebuleni, mzee aligusa rafu ya katikati akasema, "Hapa ningepata Nambari Nane, hata la kuchezea, ningeridhika. Moja tu. Mawili yatanichanganya."

Fundi Meno alikuwa na ugonjwa wa magari ya plastiki, yale yanayouzwa vipande vipande kwenye sanduku ukayaunganisha kwa gundi. Akaona Mungu kamfungulia mlango. Kwa kuwa hakuna kiwanda kilichowahi kutengeneza Nambari Nane, alinunua gari lililolikaribia, akalikata katikati kwa msumeno mwembamba kuliko uzi, akalirefusha milimita nne, akaziba pengo kwa puti na kupiga msasa mpaka kidole kisijue kiungo kiko wapi. Pua ya gari aliichonga kwa nta ya meno. Spoku alizitoa kwenye waya wa kunyooshea meno ya watoto, arobaini na nane kila gurudumu, na mkanda wa boneti akaukata kwenye mkoba wa mkewe bila ruhusa. Alifanya kazi alfajiri, kabla ya kliniki, na ndoa ilivumilia.

Vipimo vyote alivitoa kwenye picha moja. Ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, aliyoikuta kwenye bahasha kwa shangazi wa mkewe. Ilionyesha gari kwa ubavu, ekzosi yake, lile bomba refu la kutolea moshi, ikipita upande wa kushoto, na baba mkwe akiwa kijana ameshika spana. Nyuma ya gurudumu alisimama msichana akicheka. Fundi Meno aliwageuza hao wawili kuwa rula: kiuno cha msichana kilimpa urefu wa gurudumu, spana ikampa upana wa radiata.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka Mikate alipokuja mbio siku moja, ana sanduku kwapani.

"Kaka! Na mimi nimenunua lile lile lako! Wewe si ndiye umenitia wazimu huu? Sasa niambie, hivi naanzia wapi?"

"Anzia popote," Fundi Meno akasema. Roho ilikuwa inamchoma kama kaa la moto.

"Huna hata picha ya gari lenyewe?"

"Picha itoke wapi, ndugu yangu? Vitu vya zamani hivyo."

Picha ilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko chake. Mikate akashukuru, akaondoka akipiga mluzi.

Mkewe alisikia yote kutoka jikoni. "Kwa nini umemdanganya mwanyumba wako?"

"Sijamdanganya. Nimesema itoke wapi. Hilo ni swali."

"Basi angalau wewe mwenyewe nenda kwa Baba umuulize. Si mtaa wa pili tu hapo? Lile gari amelilaza na kuliamsha."

"Nikimuuliza atamwambia Mikate."

"Mficha uchi hazai," mkewe akasema, akarudi kwenye masufuria yake.

Miaka miwili ikapita. Kila alipomaliza kitu, Fundi Meno alijiuliza Mikate kafika wapi. Alisikia kwa shemeji yake kwamba Mikate gundi imemganda kwenye vidole, kwamba kapaka rangi kabla ya msasa, kwamba gurudumu moja limepinda, na kila habari ya namna hiyo ilimshibisha kuliko chakula. Siku moja alipita na baiskeli mbele ya nyumba ya mzee, akaona gari la mikate limeegeshwa. Kesho yake lilikuwepo tena. Anajipendekeza, akawaza, mikono imemshinda sasa anatumia mdomo.

Jumapili waliyopatana kumpelekea mzee magari ikafika. Mzee alikaa sebuleni kwenye kiti chake, mabinti zake wawili pembeni, kabati wazi. Mikate akatangulia, amefunga lake kwa karatasi ya mikate. Fundi Meno alipoliona alikaribia kumhurumia. Rangi ilikuwa imechirizika, namba nane imelala kama imelewa, gurudumu la nyuma linatazama ukutani. Halafu akafunua la kwake.

Binti mdogo, mke wa Mikate, akaziba mdomo kwa mkono. Mikate mwenyewe akapiga makofi. "Kaka, wewe si binadamu!"

Mzee alilichukua kwa mikono miwili. Akaligeuza huku, akaligeuza kule, akapitisha kidole kwenye mkanda wa boneti.

"Zuri sana," mzee akasema. "La nani hili?"

"Nambari Nane, Baba. Lako."

"Hapana, mwanangu. Nambari Nane ekzosi yake ilikuwa kulia, tangu siku ya kwanza mpaka siku walipolipeleka kwenye chuma." Akakunja mkono wa shati, akaonyesha kovu jeusi la kuungua juu ya kiwiko cha kulia. "Hii ndiyo alama yake." Akanyoosha mkono kwa gari la Mikate, lile la kulewa, ekzosi yake imejikunja upande wa kulia. Akatabasamu kwa meno ya Fundi Meno. "Hili nalijua. Hili hata kuyumba lilikuwa linayumba hivihivi."

Akaliweka kwenye rafu ya katikati.

"Baba, weka la kaka bwana," Mikate akasema. "Langu linatia aibu. Ekzosi atahamisha tu."

Fundi Meno angeweza kumsamehe kila kitu isipokuwa huo wema. Damu ikampanda, akasahau alichokificha, akachomoa mfukoni picha aliyopimia mpaka asubuhi ile, akaipiga mezani. "Mimi sikubuni! Tazameni wenyewe! Ekzosi iko kushoto!"

Mzee akavaa miwani. Akaisogeza picha karibu na macho.

"Aliyeisafisha aliigeuza filamu," akasema hatimaye, taratibu. "Nane ni nane hata ukiigeuza, ndiyo maana hukujua. Lakini ona, mfuko wa shati langu uko kulia. Spana nimeshika kwa kushoto. Mimi nilishika spana kwa kushoto lini?"

Fundi Meno alihisi masikio yanawaka. Mtu ambaye kazi yake ni kujua jino la kushoto na la kulia, ambaye kutwa anatazama taya kwenye kioo!

Lakini mzee alikuwa ameshaacha habari ya ekzosi. Kidole chake kilikuwa juu ya msichana aliyesimama nyuma ya gurudumu. "Mama yenu," akawaambia mabinti zake. "Hii picha nimeitafuta tangu tumzike." Akamtazama mkwe wake mkubwa. "Unayo tangu lini?"

"Mwaka juzi, Baba."

Mikate akainamisha macho. Hakulitaja lile swali lake la picha, na mke wa Fundi Meno naye hakuitaja droo, ila alimtazama mumewe bila kupepesa. Fundi Meno alitamani mzee amgombeze, amfukuze, amrushie hilo gari. Mzee alipangusa picha kwa ncha ya shati.

"Siku hiyo alikuja uwanjani kuleta chakula cha kaka yake," akaanza. "Mimi nilikuwa chini ya gari, sioni kitu ila miguu. Nikamwambia, wewe mwenye viatu vyekundu..."

"...nipe spana namba kumi na tatu," Mikate akadakia, "naye akakupa kijiko!"

Wakacheka wote wawili, mzee na Mikate, kama watu waliokwisha kuicheka hadithi hiyo mara nyingi jioni nyingi. Fundi Meno naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Alikuwa mkwe wa nyumba ile mwaka wa kumi na tano, na alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.